Dar es Salaam si hospitali peke yake: tuwatembeze wazazi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wasomaji wenzangu wa mikoa ya Mtwara na Lindi, na zaidi na wale ndugu zetu waliohamia Dar es Salaam, kuhusu jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya bei ya korosho na ubovu wa barabara, lakini ambalo limenikaa moyoni tangu likizo ya Desemba. Mama yangu mzazi ana umri wa miaka 78. Kabla ya likizo hiyo alikuwa amekwenda Dar es Salaam mara saba: mara tatu kwa matibabu, mara tatu kwa misiba, na mara moja kumkanda mdogo wangu aliyekuwa amejifungua. Mwanamke huyu amezaliwa na kuzeekea pwani ya Mikindani, marehemu mume wake alikuwa mvuvi, na katika safari zote saba hakuiona bahari ya Dar es Salaam hata mara moja. Aliiona Mbagala, akaliona benchi la hospitali, akayaona makaburi, kisha akarudi nyumbani. Na majirani walipomuuliza habari za jiji alikuwa na jibu lile lile, kwamba jiji ni foleni na joto.

Sidhani kama yaliyompata mama yangu ni yake peke yake. Mzee wa kwetu akishuka Rangi Tatu hupokelewa kwa bajaji na kwa furaha ya kweli, maana Mbagala ndiyo lango la watu wa Kusini na ndiko wengi wetu wanakoishi. Hupewa chumba cha watoto, feni na rimoti ya televisheni, na kuanzia kesho yake wenyeji huondoka alfajiri na kurudi usiku, yeye akabaki na binti wa kazi. Siku ya kliniki huchukuliwa, hupelekwa na kurudishwa. Dawa zikishapatikana hukatiwa tiketi. Hakuna aliyemtendea ubaya wowote. Hata mimi, niliyefundisha shule ya msingi kwa miaka 34 na kuwapeleka watoto wa watu ziara za kimasomo hadi Kilwa, sikuwahi kufikiri kwamba mama yangu naye angependa kupelekwa mahali.

Nilipotoa wazo hilo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp mwezi Novemba, baada ya malipo ya korosho kuingia, neno la kwanza kujibiwa lilikuwa "anasa". Kaka yangu mkubwa aliandika kwamba mtu wa umri ule hasafirishwi kilomita zaidi ya 500 kwenda kuangalia majengo. Kwa heshima zote kwa kaka, ambaye najua husoma gazeti hili, sisi watu wa Kusini si watu wa kuogopa gharama. Msimu wa unyago ukifika tunakodi muziki, tunashona sare, tunapika siku mbili na kuwatunza wari kwa noti, na hakuna anayeandika neno "anasa". Wala siubezi unyago, kwa kuwa nimechezwa na wanangu wamechezwa. Ninachosema ni kwamba fedha ya furaha tunayo, ila hatujazoea kuitumia kwa mzee angali hai na hana ugonjwa wowote.

Basi tukasafiri watano kutoka Mtwara: mama, mimi, wajukuu wangu wawili, na rafiki yangu wa siku nyingi, mwalimu mstaafu kama mimi, ambaye alisoma chuo Dar es Salaam miaka ya 1980 na ambaye tangu stendi alitutangazia kwamba anaijua Dar nje ndani. Safari yenyewe sitairefusha. Tulipita Mingoyo, tukanywa chai Nangurukuru, tukapita Somanga ambako mvua na kimbunga Hidaya viliikata barabara Mei 2024 na kuwaacha abiria njiani, na muda wote huo mama alikuwa amelala. Tulipokaribia Mto Rufiji aliamka mwenyewe, kana kwamba kuna mtu amemwita, akaanza kuwaeleza vitukuu wake kwamba kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970 na lililofunguliwa mwaka 2003, wasafiri walikuwa wakilala Ndundu wakisubiri kivuko, na wakati wa masika safari ya Dar ilihesabiwa kwa siku. Ndiyo maana yeye hakuthubutu kuifunga safari hiyo mpaka mwaka 2004. Watoto walilitazama daraja likipita dirishani kwa dakika moja, wakarudi kwenye simu zao.

Mjini tulianzia Kivukoni. Mdogo wangu wa Mbagala na mume wake walikuwa wameomba ruhusa kazini, na hilo nalitaja kwa makusudi, kwa sababu nitalirudia. Tulipanda daladala hadi Kariakoo, tukachukua bajaji hadi kituo cha Fire, kisha mwendokasi mpaka mwisho wa njia, tukashuka hatua chache kutoka Soko la Samaki la Feri. Mimi nilikuwa nimepanga tupite sokoni kwa robo saa. Tulikaa saa mbili na nusu. Mama aliingia pale kama mtu anayerudi kazini baada ya likizo. Alifunua mashavu ya samaki kuangalia wekundu, akabonyeza mbavu kwa kidole, akawatazama machoni (samaki, si wauzaji), na alipofika kwenye fungu la changu lililoanza kulegea alimwambia kijana mwenye meza, bila kupandisha sauti, kwamba samaki yule amelala barafuni siku tatu. Kijana alicheka, akakiri mbili. Tangu hapo wauzaji wa jirani walimwita bi mkubwa na kumuuliza anatoka wapi, na aliposema Mikindani mmoja wao akajibu kwamba yeye kwao ni Msimbati, basi mazungumzo yakahama kutoka kwenye bei hadi kwenye habari za nani kazaliwa na nani.

Tulisimama kuutazama mnada, ambapo samaki hupangwa mafungu na bei hupandishwa kwa sauti za haraka kiasi kwamba mgeni hajui nani kanunua mpaka aone fungu linaondoka. Sisi tulinunua vipande vya nguru na pweza mmoja, tukawapa wakaangaji waliopo hapo hapo, tukala kwa ugali, ndimu na pilipili ya kusaga, tumebanana kwenye benchi la mbao. Mikono ilinuka samaki mpaka jioni. Hukumu ya mama ilikuwa kwamba nguru hakuwa na neno, lakini mafuta yalikuwa yamefanya kazi tangu alfajiri.

Kutoka sokoni si mbali kwenda kwenye kivuko cha Kigamboni, ambacho wenyeji hukiita pantoni. Tangu Daraja la Nyerere lilipofunguliwa mwaka 2016 mwenye gari anaweza kufika Kigamboni bila kukanyaga kivuko. Hata hivyo kwa mgeni ningeshauri kivuko, kwa sababu nauli yake haifiki bei ya sahani ya muhogo, na katika zile dakika chache za majini mtu hulipata jiji likiwa limesimama mbele yake: makanisa mawili ya enzi za Wajerumani, la Azania Front lenye mnara na vigae vyekundu na la Mtakatifu Joseph lenye mnara mrefu uliochongoka, na nyuma yake maghorofa ya vioo yanayogombea mawingu. Mama alishika chuma cha ukingoni, akatazama muda mrefu bila kusema, kisha akasema, "Kumbe Dar ina uso." Tulipofika ng'ambo hatukwenda popote. Tulinunua maji ya madafu, tukageuka na kivuko kile kile, kwa kuwa aliomba kuuona uso huo tena.

Rafiki yangu aijuaye Dar nje ndani alituzungusha mtaa mzima wa katikati ya jiji akiitafuta hoteli moja ya wali na maharage aliyokuwa akila enzi za chuo. Tuliipata sehemu yake. Sasa ni ghorofa, na mlinzi wa mlangoni alikuwa hajazaliwa.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Tulikwenda kuiona Sanamu ya Askari, iliyosimama katikati ya mzunguko wa barabara ya Samora. Kila Mtanzania ameiona katika picha: askari wa shaba nyeusi, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini. Ilisimikwa na Waingereza mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Nilikuwa nikiifundisha darasani kila mwaka, nusu ukurasa, na nilidhani tutapiga picha na kuondoka. Kufika kwenyewe kulikuwa kazi, maana magari huzunguka bila kupumzika na hapana mtu anayefikiri kwamba mwenye fimbo anaweza kutaka kuvuka kwenda katikati. Shemeji yangu alisimama barabarani akinyoosha mikono yote miwili kama askari wa usalama, nasi tukapita nyuma yake tumeshikana. Pale chini pana maandishi, na moja ya lugha zake ni Kiswahili. Nilianza kumsomea mama kwa sauti, kwa sababu macho yake hayaoni tena herufi za mbali. Nilipofika mahali wanapotajwa wapagazi, kwamba wao ndio waliokuwa miguu na mikono ya majeshi, alinishika mkono akaniambia nirudie.

Nikarudia. Ndipo akatueleza habari ambayo mimi, mtoto wake wa pili, sijapata kuisikia kwa miaka yote. Babu yake mzaa baba alikuwa mtu wa upande wa Mtama, na mwaka wa vita ya Mahiwa alichukuliwa shambani kwenda kubeba mizigo. Mapigano ya Mahiwa yalikuwa Oktoba 1917, na hayo hutajwa kuwa makali kuliko yote yaliyopiganwa Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Babu huyo hakurudi. Kama alibeba mizigo ya Mjerumani au ya Mwingereza ukoo haujui, kwa sababu pande zote mbili ziliwachukua watu; lililojulikana ni kwamba mke wake alikaa akimsubiri mpaka watoto wakaolewa, na kwamba hakuna kaburi. Mama alizunguka nguzo ile mara moja, polepole, akiigusa kwa kiganja. Kisha akauliza kama kuna mahali pa kukaa. Hapakuwapo. Akakaa kwenye ngazi ya sanamu, na sisi tukasimama upande wa jua ili apate kivuli, magari yakituzunguka na kupiga honi.

Asubuhi ya siku iliyotangulia tulikuwa tumepita Kariakoo mara mbili bila mmoja wetu kukumbuka kwamba hata jina hilo ni la wapagazi: kambi ya kikosi cha Waingereza kilichoitwa Carrier Corps ilikuwa hapo, na ndimi za Waswahili zikaligeuza jina. Nilipomwambia mama alitikisa kichwa. "Na watu wananunua viatu tu," akasema.

Nimejiuliza ni wazee wangapi wa Mtama, Nyangao, Masasi na Newala wameshapita mita mia chache kutoka kwenye nguzo ile, wako ndani ya daladala wamekumbatia bahasha ya picha za eksirei, na hakuna aliyewaambia, "Mzee, pale panasemwa habari za babu zenu."

Makumbusho ya Taifa, ambayo yalifunguliwa mwaka 1940, yako jirani na bustani ya mimea, na kwa raia kiingilio chake si cha kumkatisha mtu tamaa. Kijana aliyetuongoza alizungumza Kiswahili safi na hakuwa na haraka. Watoto walivutiwa na habari za fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959. Mimi nilivutiwa na vitu vya Kilwa. Mama alisimama mbele ya magari ya Mwalimu Nyerere, akamuuliza kijana kama gari lile liliwahi kupita barabara yetu, na kama lilipita, lilivukaje Ndundu. Kijana aliahidi kuuliza wakubwa wake. Mjukuu wangu wa kidato cha kwanza naye akataka kujua aliko mjusi mkubwa wa Tendaguru, nikalazimika kumweleza kwamba mifupa yake ilichimbwa mkoani Lindi kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na watu hadi bandarini, na kwamba mjusi mwenyewe, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimamishwa katika makumbusho ya Berlin tangu mwaka 1937. Hiyo ni safari nyingine, nikamwambia, tena yenye viza. Mama alikuwa anasikiliza. "Wapagazi tena," akasema, akaendelea mbele.

Si kila kitu kilikuwa kizuri, na nisingependa wasomaji wadhani kwamba nimelipwa na mtu kulisifia jiji. Mchana wa siku hiyo hiyo tuliingia katika mgahawa mmoja ulio karibu na bahari, ambao sitautaja, kwa sababu tu ulikuwa na viti vyenye migongo na mama alikuwa amechoka. Orodha ya vyakula ilikuwa ya Kiingereza kitupu na haikuwa na bei. Mhudumu alituletea samaki mmoja wa kuchoma ambaye kwa fedha tuliyolipa ningenunua Mikindani samaki wa kulisha nyumba yangu na ya jirani, na nilipouliza kwa nini bei haikuandikwa niliambiwa kwamba wateja wao wengi hawaulizi. Mama alikula kimya, akamaliza hata kichwa, na tulipotoka akatushauri tusimwambie kaka.

Jumapili tulikwenda Coco Beach. Hapa wasomaji wa Kusini watanielewa. Mama amelima muhogo tangu akiwa msichana. Tumekula ugali wa muhogo, kisamvu, makopa, na muhogo wa kuchemsha wenye nazi, hata ming'oko ya porini tumeila kwa msimu wake, na hakuna mtu mwenye akili timamu angetoka Mtwara kwenda Dar es Salaam kununua muhogo. Ndivyo alivyosema mwenyewe tulipofika kwenye vibanda. Lakini muhogo wa Coco una ufundi wake: hukatwa vipande virefu, hukaangwa mpaka nje ukawa mkavu na ndani ukabaki unga, kisha hutiwa chumvi, kachumbari na pilipili yenye ukwaju, na huliwa ukiwa moto, upepo wa bahari ukiwa usoni na mishikaki ikichomwa kwenye meza ya pili. Sahani ya kwanza alionja kwa adabu. Ya pili aliiagiza yeye. Alimwita mwuzaji, akamhoji mbegu ya muhogo na mahali ulikotoka, na alipoambiwa kwamba ni wa Mkuranga akasema kwamba wa kwetu ungekuwa mtamu zaidi, ila sisi hatujui kuuvisha nguo.

Jambo hilo limenifikirisha kuliko nilivyotarajia. Mikindani ina bahari tulivu, ina majumba ya kale na boma la mwaka 1895, na Jumapili jioni hapana kibanda ambapo familia inaweza kukaa ikala muhogo wa moto ikiangalia maji. Lakini hilo ni la barua nyingine.

Tulirudi jioni kwa kupitia Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022 na kupita juu ya bahari kwa urefu wa takriban kilomita moja. Jiji lilikuwa limeshawasha taa. Mjukuu mdogo aliuliza umeme wote ule unatoka wapi, nami nikampa jibu ambalo mwalimu wa Mtwara hulitoa kwa kiburi kidogo: sehemu yake ni gesi yetu, ya Songo Songo tangu 2004, na ya Madimba iliyopitia kwenye bomba lililozinduliwa mwaka 2015. Mtoto akahesabu taa mpaka usingizi ukamchukua.

Mahali pa mwisho palikuwa Mwenge, kwenye vibanda vya vinyago. Nilidhani mama atachoka, kwa kuwa mpingo na vinyago si vitu vigeni kwetu, na mwanzoni alipita tu akitazama twiga na simba waliochongwa kwa ajili ya wageni wa kizungu. Ndani zaidi alikuwapo mzee mmoja amekaa chini na tezo, anachonga kile kinyago cha watu waliopandana, mmoja juu ya bega la mwingine, ambacho huitwa ujamaa. Mama alimsalimia kwa Kimakonde. Mzee aliinua uso, akaweka tezo chini. Sikuelewa yote waliyozungumza, kwani Kimakonde changu ni cha kusikia kuliko kusema, lakini nilielewa kwamba mzee aliingia mjini akiwa kijana na kwamba muda mrefu umepita hajasalimiwa kwa namna ile na mtu wa rika lake. Hatukununua kinyago kikubwa. Kilikuwa juu ya uwezo wetu na mzee mwenyewe alikiri hivyo. Alimpa mama mwiko mdogo wa mpingo, akakataa fedha. Mwiko huo haupikii. Umewekwa kabatini pamoja na vikombe vya harusi.

Hayo yote, ndugu Mhariri, yalifanyika katika siku nne za jiji, na nimeweka hesabu zake katika daftari. Ukiuondoa mgahawa ule, nauli za mjini, viingilio na chakula cha watu saba havikufika kiasi tulicholipia basi la kwenda na kurudi. Kilichokuwa ghali, na hapa ndipo ninapotaka kuwafikia ndugu zetu wa Mbagala, Temeke na Kigamboni, ni zile siku mbili ambazo mdogo wangu na mume wake waliziomba kazini. Bila wao tusingevuka barabara hata ya kwenda kwenye sanamu. Najua maisha ya mjini ni ya kukimbizana, na najua kuwa jiji lenye watu zaidi ya milioni 5, kwa hesabu ya sensa ya 2022, halimsubiri mzee mwenye fimbo. Hata hivyo mzazi anapokuja kliniki, tarehe ya kurudi inajulikana, na siku moja kabla ya hiyo ingeweza kuwa yake: asubuhi Feri, mchana pantoni, jioni muhogo. Kama mguu haumruhusu, basi pantoni peke yake inatosha, kwani kuna viti.

Kwa wale wanaosimamia maeneo ya kumbukumbu na barabara za katikati ya jiji, ombi langu ni dogo na si la fedha nyingi. Pale kwenye Sanamu ya Askari wachore kivuko cha waenda kwa miguu kinachoheshimiwa na waweke benchi moja, moja tu, upande wenye kivuli, maana watu wenye haki kubwa zaidi ya kukaa pale ni wazee. Vyoo safi viwe karibu, vyenye ngazi ambazo goti la miaka 78 linaweza kuzipanda. Na wenye migahawa waandike bei, kwa Kiswahili, ili mtu aliyeweka akiba ya korosho ajue anachoagiza.

Kaka yangu ameziona picha. Hakuandika neno kuhusu anasa. Aliuliza tu, faraghani, kama yule babu wa Mtama ndiye yule ambaye jina lake alipewa yeye. Ndiye. Sasa naye anataka kwenda kuisoma nguzo ile kwa macho yake, na mama amekubali kumpeleka kwa sharti moja, kwamba siku inayofuata wapande ile treni ya umeme ya kwenda Dodoma, ambayo alisikia habari zake kwa dereva wa bajaji. Amekwisha kuniuliza mara tatu inaondoka saa ngapi. Nimemwambia tusubiri malipo ya msimu ujao, na kila mnada wa korosho unapotangazwa redioni huongeza sauti.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara.